Mashine ya Vyombo Imegoma Sugoi: Ulipie Fyuzi, Fundi au Tangi?

Shangazi yangu wa Sugoi alinipigia simu Jumamosi moja ya Desemba, mahindi yakiwa yameshaingia stoo na wageni wa Krismasi wakihesabiwa kwa vidole. "Hii mashine yenu imekufa," akasema. Hiyo "yenu" ilinichoma kidogo, maana sikuchangia hata senti. Aliyeituma ni binamu yangu anayeishi Ujerumani. Ilikuja kwa kontena pamoja na baiskeli mbili na mifuko ya nguo: mashine ya kuoshea vyombo vya watu 13, iliyokwisha kutumika huko miaka kadhaa. Ilikuwa imefanya kazi wiki sita. Sasa ukibonyeza kitufe, kimya.

Kabla ya kunitafuta mimi, alikuwa ameongea na fundi mmoja wa mjini. Fundi hakuiona mashine. Aliisikia tu kwa simu, akatoa hukumu: bodi imeungua, shilingi 15,000, nusu itangulie. Shangazi ameuza mahindi kwa madalali maisha yake yote, na neno "itangulie" analijua lilivyo. Akamwambia atafikiria.

Hiyo 15,000 ndiyo iliyonifanya nichukue daftari. Tulipomaliza kazi siku ya pili, gharama iliyokuwa imetumika haikufika shilingi 300, na bodi ilikuwa nzima. Lakini haikuishia hapo, kwa sababu baada ya kuwaka mashine iligoma tena kwa jambo jingine kabisa, na jambo hilo ndilo linalozila pesa za watu wa mashambani wanaonunua mashine hizi bila kujua.

Sugoi iko kama kilomita 30 kutoka Eldoret, upande wa barabara ya Turbo na Malaba. Mtu wa mbali akilisikia jina hilo humfikiria Rais William Ruto, maana ndiko kwake. Sisi wenye shangazi huko hufikiria maziwa, mahindi, na stima inayofika ikiwa imechoka. Eldoret, ambayo wazee bado huiita Sisibo, ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ujiji huo haukufuata nyaya hadi shambani. Boma la shangazi liko mwisho wa laini, nguzo nyingi kutoka kwenye transfoma, na maji yake hutoka kisimani na kwenye mabati, hupandishwa tangini, kisha hushuka nyumbani kwa uzito wake yenyewe. Mhandisi aliyeichora mashine ile kule Ujerumani hakuwa na nyumba ya namna hii akilini.

Mtu akisema mashine "haiwaki" huwa anataja magonjwa matatu kwa jina moja. Kuna ile isiyo na taa hata moja. Kuna yenye taa lakini haianzi. Na kuna inayoanza, ikanguruma dakika chache, kisha ikanyamaza au ikapiga kelele. Ukimpigia fundi ukamwambia "haiwaki" bila kumfafanulia ni ipi, umempa ruhusa ya kuchagua ugonjwa wenye bei kubwa.

Ya shangazi haikuwa na taa. Nilifika na testa, bisibisi na mita ya kupimia stima niliyoazima kwa jirani. Kitu cha kwanza nilichokitumia hakikuwa kimojawapo cha hivyo. Nilichukua birika la umeme la jikoni nikalichomeka kwenye soketi ile ile ya mashine. Watu wengi huijaribu soketi kwa chaja ya simu. Chaja hula stima kidogo mno, kwa hiyo itawaka hata kwenye soketi iliyolegea inayokaribia kuungua. Birika hukamua stima karibu sawa na mashine inapochemsha maji, kwa hiyo likichemka vizuri bila soketi kupata moto, soketi ni nzima. Lilichemka, tukanywa chai.

Basi tukageukia adapta. Plagi ya Ujerumani ina vijiti viwili vya mviringo, na waya wake wa ardhi hupita kwenye vibati vya pembeni. Binamu alikuwa ametuma na adapta ya wasafiri, ile ndogo ya kuchajia simu hotelini, yenye meno matatu ya Kikenya mbele na matundu mawili nyuma. Niliichomoa, na ile harufu ya plastiki iliyoungua ikanikaribisha. Tundu moja lilikuwa limegeuka rangi ya ukoko wa ugali, na plastiki imelegea kuzunguka chuma. Mashine ya namna hii ikipasha maji hula kama wati 2,000. Gawanya kwa volti 240, unapata zaidi ya ampea 8, na ilikuwa ikifanya hivyo kila siku kupitia kidude kilichotengenezwa kwa ajili ya simu. Kuvumilia wiki sita ni heshima iliyotupa.

Jino la tatu la adapta ile, lile la juu, lilikuwa plastiki tupu. Maana yake mashine haikuwa na ardhi kabisa. Nilipomweleza shangazi, akasema, "Ndiyo maana ilikuwa ikinitekenya nikiushika mlango na mikono yenye maji. Nikadhani ndivyo za Kijerumani zilivyo."

Tulizima swichi kubwa, tukaikata plagi ile, tukafunga plagi ya kawaida ya meno matatu yenye fyuzi ya ampea 13. Waya wa kahawia hukaa kulia kwenye fyuzi, wa buluu kushoto, wa kijani na manjano juu. Plagi na fyuzi ya akiba, vyote kutoka dukani kwenye senta, havikuzidi shilingi 300. Taa zikawaka. Kama hujawahi kufunga plagi, mlipe fundi wa waya wa kijijini kazi hiyo ya dakika 10, na umwombe apime kama ardhi ya nyumba yenyewe inafanya kazi. Na kama mashine ni mpya na bado ina waranti, usiikate plagi wewe; waache waliokuuzia waifanye, wasije wakapata pa kukwepea.

Hapa niseme neno kwa wale wanaotarajia zawadi kutoka ng'ambo, kwa sababu eneo hili lina watoto wengi huko nje. Mashine ya Uingereza inakuja na plagi ile ile yetu. Za Dubai na Muscat vivyo hivyo. Ya Ujerumani au Uholanzi inahitaji plagi mpya tu. Lakini ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, nasi tuna volti 240 na hezi 50. Hakuna adapta itakayoiokoa, na transfoma ya kubeba wati 2,000 ni mzigo wa chuma wenye bei ambayo ungeiweka kwenye mashine nyingine. Kama mwanao yuko Texas, mwambie atume pesa.

Mashine yenye taa lakini haianzi ni ugonjwa wa bure mara nyingi. Mlango haukubana kwa sababu mpini wa mwiko umechomoza. Mtoto amebonyeza kitufe cha kuchelewesha, na mashine inasubiri saa 9 zipite ianze kazi usiku. Kufuli ya watoto imewashwa. Fungua mlango, usukume tena hadi usikie "tak", kisha shikilia kitufe cha kuanzia sekunde chache. Mashine nyingi hufuta programu kwa njia hiyo. Isipotii, ichomoe stima dakika 10 hivi, urudie. Kama mlango haulii "tak" hata ukiusukuma, kufuli yake imekufa. Hiyo ni kazi ya kweli ya fundi, ila ni kipuri kidogo, si bodi.

Sasa ile ya tatu. Tuliweka vyombo, tukabonyeza, mashine ikakohoa, ikatoa maji machafu ya zamani, ikaanza kuvuta maji mapya kwa sauti nyembamba kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha. Baada ya dakika chache ikasimama, na taa ya alama ya mfereji ikaanza kupepesa. Shangazi akaniangalia kwa jicho la "ulisema umemaliza".

Nilifunga mfereji, nikafungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Pale mpira unapoungana na valvu kuna kichujio kidogo mfano wa kifuniko cha chupa. Nilikivuta kwa koleo. Kilikuwa kimezibwa kwa tope laini la rangi ya chai, na katikati ya tope mabawa ya kumbikumbi, mazima kabisa, yamepangana kama karatasi. Mvua za mwisho zilikuwa zimewatoa kumbikumbi, wakaangukia mabatini, mabati yakawapeleka kwenye mfereji wa paa, na mfereji ukawamwaga tangini. Nilikisugua kwa mswaki wa zamani, nikakirudisha. Bei ya kazi hiyo ni mswaki.

Mashine ikavuta maji vizuri zaidi, lakini si vizuri vya kutosha. Ilimaliza mzunguko mmoja. Jioni ya pili ikagoma tena. Hapo ndipo niliposhika kitabu chake cha maelezo nikatafuta presha ya maji inayotakiwa. Iliandikwa angalau bar 0.5.

Maji yanayoshuka kutoka tangini hupata presha ya bar 1 kwa kila mita 10 za urefu, hakuna ujanja wa kuipita. Mnara wa shangazi una mita 3, kama minara mingi ya mashambani, na juu yake kuna tangi la lita 5,000 lenye kimo cha kama mita 2. Tangi likijaa, uso wa maji uko mita 5 juu ya ardhi: bar 0.5, pale pale kwenye mpaka, kabla hujatoa kinachopotea kwenye mipira na viungo. Tangi likibaki na robo, ni mita 3 na nusu: bar 0.35. Mashine nayo ina saa yake. Ikifungua valvu na maji yakachelewa kufika kipimo ndani ya dakika kadhaa, huhesabu kwamba mfereji umefungwa na kuacha kazi. Ndiyo sababu ilikuwa njema Jumatatu, siku ya kupandisha maji, na kuanza ukaidi kuanzia Alhamisi. Wiki sita nzima shangazi alikuwa akiamini mashine ina mashetani ya mwisho wa wiki.

Fundi wa 15,000 angeileta bodi yake, angeifunga Jumatatu, ingefanya kazi, angelipwa. Alhamisi ingegoma. Namwogopa fundi wa namna hiyo kuliko mwizi, kwa sababu mwizi harudi kudai nauli.

Kuna njia tatu za kutibu presha, na hapa ndipo pesa zinapopaswa kuulizwa kwa makini. Ya kwanza ni pampu ndogo ya kusukuma maji, inayofungwa kwenye bomba la kuingia nyumbani na kuwaka yenyewe mfereji ukifunguliwa. Bei tulizoambiwa Eldoret zilikuwa kati ya 6,000 na 10,000, kabla ya kazi ya fundi bomba. Watu huikataa kwa sababu haifanyi kazi stima ikipotea. Kwa mashine ya vyombo sababu hiyo haina uzito: stima ikipotea, mashine yenyewe nayo imelala. Ya pili ni kuinua mnara. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5, na mtu yeyote atakayekuambia atauongezea mnara wa zamani miguu ya mita 3 kwa kuchomelea vyuma juu ya vyuma, mkimbie. Ya tatu iko katikati: tangi dogo la lita 500 kwenye mnara wake mpya wa mita 6, linalojazwa na pampu ile ile ya kisima, la kuhudumia jikoni na bafu tu. Nusu tani ni mzigo unaobebeka. Lakini vyuma, saruji na kazi yake vilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya pampu.

Kuna na njia ya nne isiyo na gharama, ya kupandisha maji kila tangi linapofika nusu badala ya kungoja likauke. Shangazi aliijaribu wiki moja. Alisema yeye hakupokea mashine ili afanywe mlinzi wa tangi.

Stima yenyewe niliipima saa 2 usiku, wakati kila boma lina taa, televisheni na birika. Mita ilisoma volti 198. Kifaa cha kupasha maji hakilalamiki volti zikishuka, hupunguza tu nguvu, na hupunguza kwa mraba: kwa volti 198 badala ya 240 inabaki na kama asilimia 68 ya nguvu yake. Mzunguko wa kubana matumizi, ambao kwa kawaida huchukua saa 3 na zaidi, unazidi kurefuka. Lakini bodi yenye kompyuta ndogo ina mpaka wa uvumilivu, na kinachoiua zaidi ni ule mrudio wa ghafla baada ya stima kupotea, au radi za Aprili. Asubuhi saa 12 mita ilisoma 231. Basi ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa bure: osha vyombo vya usiku alfajiri.

Wa pili una bei. Kilinda stima kinachokata volti zikishuka au zikipanda, kisha kikangoja dakika chache kabla ya kurudisha, ni cha lazima mwisho wa laini. Ila usichukue kile cha friji au cha televisheni kwa sababu kinafanana. Soma ampea ubavuni. Vingi vya friji na televisheni ni vya ampea chache tu, navyo vikipewa mashine ya ampea 8 vitaungua kama adapta yetu. Tafuta cha ampea 13. Utalipa maelfu machache, na ukilinganisha na bodi hiyo ni bima. Wenye sola nao wapime vizuri: inveta ya kuwashia taa na televisheni haiwezi wati 2,000.

Kama taa hazipo kabisa, soketi imechemsha birika, plagi na fyuzi ni nzima, hapo ndipo bodi inashukiwa kwa haki. Hata hivyo, mwambie fundi aifungue mbele yako. Bodi iliyopigwa na stima mara nyingi huwa na alama: masizi, harufu, na kijisehemu cha duara kilichopasuka kiitwacho varista. Kazi ya varista ni kufa badala ya bodi, na mtu wa kutengeneza redio na televisheni mwenye chuma kizuri cha risasi anaweza kuibadilisha pamoja na fyuzi yake kwa sehemu ndogo ya bei ya bodi mpya.

Nilipiga simu tatu siku ile, kwa udadisi. Wa kwanza ni yule wa 15,000 bila kuona. Wa pili alitaka 1,500 ya kuja Sugoi na kuangalia, na akasema ataikata kwenye malipo kama nitampa kazi. Wa tatu, kwenye duka, alitaka mashine iletwe Eldoret. Mashine hizi zina kilo 40 hadi 50. Hiyo ni pikapu ya kwenda na kurudi, na ukifika mjini fundi ataijaribu kwenye maji yenye presha na stima nzuri, aikute haina kasoro, akurudishie pamoja na bili. Kwa shida za Sugoi, fundi anayekuja nyumbani ni rahisi kuliko anayeonekana rahisi. Ningempa kazi wa pili, kwa sharti la risiti na kipuri cha zamani kubaki kwangu.

Na mpya je? Madukani Kenya mashine ya vyombo vya watu 12 hadi 14 imekuwa ikianzia karibu shilingi 50,000, na zenye majina makubwa hupita 100,000. Ukinunua ya 60,000 ukaitumia kila siku miaka 8, kila mzunguko umebeba kama shilingi 20 za bei ya mashine. Juu yake kuna stima. Mzunguko wa kubana hutumia takriban uniti 1, na mimi uniti, kodi na nyongeza zote zikiwa ndani, huihesabu kwa shilingi 30. Kidonge cha sabuni, kwa pakiti ninazozijua, kinaangukia 40 hadi 60. Maji ni lita 10 hadi 12. Chumvi ya kulainisha maji unaweza kuiacha ukitumia maji ya mvua, kwa sababu tayari ni laini. Ya kisima yapime kwanza. Jumla ni kama shilingi 100 kwa mzunguko kwa mashine mpya, na 80 kwa ile uliyopewa bure. Basi ile 15,000 ya bodi ni mizunguko zaidi ya 180 ya kuosha, yaani miezi sita ya kila siku. Mimi kwa mashine ya mtumba sivuki theluthi ya bei ya mpya katika matengenezo, na kwa mpya sivuki nusu.

Waranti ya dukani isome kabla ya kulipa. Nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, na hasara ya stima mara nyingi imewekwa nje. Uliza kama kituo cha matengenezo kiko Eldoret au Nairobi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60. Ila utahitaji risiti, na risiti ya M-Pesa iliyoandikwa jina la binamu wa muuzaji si risiti.

Beseni nalo lihesabiwe kwa haki. Wauzaji wa mashine hupenda kusema kuosha kwa mkono kunakunywa maji mara nyingi zaidi. Kuna ukweli ndani yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn waliwaangalia watu zaidi ya 100 wa Ulaya wakiosha vyombo vya watu 12, na wastani ukawa kama lita 100. Lakini baadhi yao waliosha mfereji ukitiririka. Shangazi anaosha kwa mabeseni mawili, moja la povu na moja la kusuuza, lita 30 kwa jumla, na maji ya moto yametoka kwenye jiko lililokuwa linapika hata hivyo. Kwa shilingi, beseni linaishinda mashine asubuhi na jioni. Mashine inalishinda beseni kwa saa, basi. Wala haimwondoi mtu kazini. Mshahara wa chini wa kisheria wa msaidizi wa nyumbani katika miji mikubwa ulivuka shilingi 16,000 kwa mwezi Novemba 2024, na mashambani ulikuwa karibu nusu yake. Lakini binti anayemsaidia shangazi hukamua, hufua na hulisha kuku, na hakuna mashine ya kuyafanya hayo. Alichopata ni saa moja kila usiku, naye anasema anaitumia kusomea. Josephine Cochrane, mama wa Illinois aliyepata hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886, alichoka na wasaidizi waliokuwa wakivunja sahani zake za kauri. Sahani za shangazi ni za melamini. Hazivunjiki, lakini baadhi hupinda kwenye joto, kwa hiyo ziweke kwenye rafu ya juu.

Kuna vyombo ambavyo mashine hairuhusiwi kuvigusa Sugoi. Sufuria za alumini zinazong'aa kwa stilwaya na majivu zitatoka nyeusi-kijivu, kwa sababu sabuni ya mashine ni kali na huila alumini. Shangazi alipoteza mng'aro wa sufuria tano siku ya kwanza na bado analitaja. Ukoko wa ugali utoe kwanza, la sivyo utaziba kichujio cha chini na mashine itagoma kwa sababu nyingine tena. Miiko ya mbao hupasuka. Na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya huku, hakina habari na Ujerumani: kinasuguliwa ndani kwa kijiti cha sosiot na kupakwa mkaa wa mti wa senetwet, na anayekitia sabuni ameharibu maziwa ya mwezi mzima.

Nilimshauri shangazi anunue pampu. Nilimwonyesha hesabu kwenye daftari, pampu upande mmoja na mnara wa mita 6 upande mwingine, tofauti ya mara tatu. Aliisoma yote kwa miwani yake, akapiga mstari chini ya jumla kama mtu anayekubali.

"Na maji ya kuoga je, yataongezeka?" akauliza.

Nikasema pampu nayo itayasukuma, stima ikiwepo.

"Stima ikiwepo," akarudia. Jumanne iliyofuata fundi wa kuchomelea alikuwa uani na futi yake, akipima mahali pa kuchimba miguu minne.